Maktaba ya Barazani: Mwongozo Kamili wa Kuwafikishia Watoto wa Mtaa Vitabu

Katika shule moja ya huku Kigoma niliwahi kuonyeshwa maboksi matatu ya vitabu vya hadithi, vipya, bado vinanukia wino. Vilikuwa vimefungiwa kabatini ofisini kwa miaka miwili. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwamba watoto watavichafua. Chumba cha pili yake, watoto zaidi ya sabini walikuwa wanaimba kwa pamoja sentensi iliyoandikwa ubaoni, na nikiwatazama machoni niliona wengi wao hata hawaangalii ubao. Walikuwa wameikariri. Nilitembea mpaka nyumbani Ujiji nimeumia moyo, na wiki iliyofuata nikatandika mkeka barazani kwangu na vitabu 11.

Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote mwenye baraza, au kivuli cha mwembe, na nafasi ya siku mbili kwa wiki. Si lazima uwe mwalimu. Nimeandika nikiwa na Kigoma mbele ya macho, lakini mtu wa Tabora, Kasulu au Uvinza atabadilisha machache tu.

Kwanza elewa kinachomkwamisha mtoto

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina: herufi haigeukigeuki sauti. Irabu ni tano, na a ya "baba" ndiyo a ya "samaki". Mtoto aliyeshika ba be bi bo bu anaweza kutamka karibu neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Zinazobaki kumsumbua ni chache: mb, nd, nj, ny, mw, kw, pamoja na th, dh na gh. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe" huwachanganya watoto kwa muda mrefu, kwa hiyo tenga siku nzima ya kucheza na hizo mbili tu.

Lakini kutamka si kusoma, na hapa watu wazima wengi tunadanganyika. Mtoto anasoma "wa-li-po-wa-ka-ri-bi-a", silabi moja baada ya nyingine, na akifika mwisho wa neno mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Maneno yetu huwa marefu kwa sababu mzizi mmoja tunaubebesha mengi: nani katenda, lini, nani katendewa. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kulikata neno kwa maana: wa-lipo-wa-karibia. Nani? Wao. Lini? Walipo. Waliwakaribia nani? Wale wengine. Mtoto wa darasa la pili anaweza kabisa mchezo huu, na anaupenda. Dawa ya pili ndiyo kubwa: asome sana, na akirudie kitabu kilekile mara tatu, mara nne, mpaka jicho lilitambue neno zima kwa mara moja, kama anavyoutambua uso wa shangazi yake akiwa bado mbali. Hakuna mtoto anayepata wingi huo wa kusoma kwenye sentensi tatu za ubaoni.

Kuna pia mtoto aliyekulia katika Kiha. Huyu anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa ufasaha na asijue kimetokea nini. Usimwone mzito. Mweleze neno gumu kwa Kiha, mwache akusimulie hadithi kwa Kiha, halafu mrudi kwenye Kiswahili cha kitabu. Watu wanaowakataza watoto lugha ya mama zao karibu na vitabu wanawafundisha kwamba vitabu ni vya watu wengine.

Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kitabu ni hiki: mtoto asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua maana (maana, wala si matamshi) akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni cha baadaye. Na akikitaka hichohicho kwa sababu ya picha zake, mpe. Ataangalia picha leo, maneno yatafuata.

Mahali na saa

Unahitaji kivuli, mkeka au turubai, na sehemu ambayo mpita njia anaona kinachoendelea. Meza na viti si vya lazima. Watoto wa Ujiji wamezoea kukaa chini chuoni na kusoma kwa adabu mbele ya msahafu uliolazwa juu ya marufaa. Mtoto anayejua kunawa kabla ya kushika msahafu tayari amefundishwa nusu ya kazi yako.

Chuo hichohicho ndicho kilichonifundisha kuhusu saa. Mwanzoni nilifungua saa nane mchana, wakaja watoto watatu. Nikaenda kumwona ustadhi, nikamweleza nia yangu, naye akanipa ratiba yake. Sasa nafungua Jumatano baada ya sala ya Alasiri, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Huku magharibi ya nchi jua huchelewa kuzama, mara nyingi karibu saa moja jioni, kwa hiyo mwanga wa kusomea tunao hata kwa anayetumwa maji kwanza. Fanya vivyo hivyo kwako: kabla ya kutangaza siku, uliza chuo, kanisa, shule za zamu mbili na akina mama wa soko. Siku utakayoichagua bila kuuliza itakuwa ya watoto wachache wasio na kazi za nyumbani.

Nakuomba sana ulishike jambo lifuatalo. Watoto wa kike wa umri wa miaka minane mpaka kumi na miwili mara nyingi ndio yaya wa nyumbani. Ukiweka sheria ya "tusije na watoto wachanga", umewafukuza wasichana bila kutamka neno wasichana. Waje na wadogo zao mgongoni. Tandika kipande cha pili cha mkeka, weka vitabu vya picha vilivyokwisha chakaa ambavyo mdogo anaweza hata kuvitafuna, na mkubwa mmoja awaangalie. Msichana mmoja alisoma barazani kwangu mwaka mzima akiwa amesimama, anamtikisa mdogo wake. Yule mdogo sasa anafungua kitabu, anakiweka wima, na kuanza "kusoma" hadithi nzima kwa kichwa, ukurasa kwa ukurasa, kabla hata hajaanza awali.

Vitabu vitoke wapi

Vitabu 30 vinatosha kuanza na watoto 15 hadi 20. Theluthi moja viwe vya sentensi moja au mbili kwa ukurasa, theluthi nyingine vya aya fupi, na vilivyobaki mchanganyiko: hadithi ndefu kwa wakubwa, vitabu vya wanyama, ramani, vitendawili. Kitabu kinachopendwa sana, tafuta nakala mbili, maana watoto wawili wakisoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja huanza kukizungumzia.

Vya kununua, tazama kwanza wachapishaji wa hapa nchini. Mkuki na Nyota na E&D Vision wana vitabu vya watoto vya Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia vingi vya Kiswahili kuchapishwa, na baadhi yake utavikuta kwenye maduka ya vitabu na hata mikononi mwa walimu wastaafu. Uliza mjini kwanza. Ukikosa, agiza Dar es Salaam pamoja na wenzako wawili watatu mgawane gharama ya usafiri. Ni karibu kilomita 1,250 za reli mpaka hapa, na vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana. Mwambie anayefunga mzigo aweke nailoni ndani ya boksi, asiizungushe kwa nje tu.

Vya bure vipo kwenye simu. African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, zote zina hadithi za watoto kwa Kiswahili zenye picha, zilizotolewa kwa leseni huria za Creative Commons. Unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa mradi jina la mwandishi na la mchoraji libaki. Zisome zote wewe kwanza. Baadhi zimetafsiriwa vizuri, nyingine Kiswahili chake kinakwaruza, na mtoto hastahili kujifunzia lugha yake kwenye sentensi mbovu. Vitabu vya kiada tafuta kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini barazani usivifanye kuwa chakula kikuu. Mtoto amekutana navyo shuleni. Kwako amekuja kutafuta kitu kingine.

Usitoe kopi ya kitabu cha dukani. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na mwandishi wa hadithi za watoto kwa Kiswahili ni mtu anayehitaji kuuza kila nakala ili aandike nyingine.

Misaada ya vitabu kutoka nje itakuja ukishajulikana. Shukuru, fungua boksi mbele ya aliyeleta, chagua. Vitabu vya picha na vya wanyama ni vizuri hata vikiwa vya Kiingereza. Vitabu vya kompyuta za zamani na vya sheria za nchi nyingine virudishe kwa heshima. Rafu iliyojaa vitabu visivyosomeka inamwambia mtoto kwamba kosa ni lake.

Kitabu cha kushona mwenyewe

Hapa ndipo penye furaha yangu kubwa, na hapa baraza la Kigoma linaweza kushinda duka lolote.

Chukua karatasi 4 za A4, zipange pamoja na uzikunje katikati kwa mara moja. Una kurasa 16. Nje yake weka manila ya ukubwa uleule iwe jalada. Fungua katikati, weka kipande cha ubao chini, na kwa msumari mwembamba toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, na mengine juu na chini, vidole vitatu kutoka ukingoni. Ingiza sindano kwenye tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa urefu wa kiganja. Rudi ndani kwa tundu la juu. Ruka la kati, toka nje kwa tundu la chini. Rudi ndani kwa tundu la kati. Sasa ncha zote mbili ziko ndani. Ziweke moja kulia na moja kushoto kwa ule uzi mrefu unaopita katikati, kisha zifunge fundo juu yake. Rimu moja ya karatasi 500 inakupa vitabu 125 vya namna hii.

Uzi bora ni ule wa nailoni wa kushonea nyavu. Hauozi, haukatiki, na mtaa wowote wa ufukweni una mtu mwenye mabaki yake. Mara ya kwanza nilipomwomba mvuvi jirani uzi, alikaa akashona vitabu tisa kabla chai haijapoa, mishono imenyooka kuliko yangu yote. Tangu hapo ushonaji ni kazi ya akina baba. Stepla zinashika kutu kwa unyevu wa ziwani na kuacha alama nyekundu, basi uzi ndio mwendo.

Ukitaka jalada gumu, kata kadi ya boksi na uifunike kwa karatasi ya kaki au kitambaa kwa gundi ya muhogo. Chekecha unga wa muhogo uwe laini kabisa, koroga vijiko viwili vya chakula kwenye maji baridi kidogo, ongeza kikombe kimoja cha maji, weka motoni na usiache kukoroga mpaka ugeuke kutoka weupe kuwa mng'avu. Tumia ikiwa imepoa. Haikai zaidi ya siku mbili kabla ya kuchacha, na mende wanaipenda, kwa hiyo ipakwe nyembamba na jalada likauke kabisa kivulini kabla ya kuingia sandukuni.

Ukichapa hadithi za mtandaoni, kurasa hazifuatani kwenye karatasi. Kunja kwanza kitabu kitupu, kiandike namba 1 hadi 16, kisha kifungue ukitazame: 16 imekaa ubavuni mwa 1, na 2 ubavuni mwa 15. Namba mbili zilizo ubavu kwa ubavu hujumlishwa 17. Mpelekee kijana wa steshenari hicho kitabu cha mfano na hatakosea.

Sasa maandishi. Kwa wanaoanza, sentensi moja kwa ukurasa, herufi kubwa za kutosha kusomeka kutoka mkono mmoja, nafasi ya kidole kati ya neno na neno. Marka hupenya karatasi, basi andika upande mmoja tu au tumia kalamu ya risasi kisha upitishe wino. Hadithi yenyewe itoke kwa watoto na kwa wazee wao. Mtoto anasimulia, wewe unaandika maneno yake kama alivyoyasema, ukirekebisha tahajia pekee. Mwache aseme "baba kaenda ziwani" kama ndivyo alivyosema. Tuna kitabu kuhusu kunguru mwizi wa dagaa, kuhusu siku mawese yalipomwagika njiani Mwandiga, kuhusu bibi aliyesafiri na MV Liemba akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake. Watoto wakubwa walitaka kujua zaidi kuhusu meli hiyo, tukaongeza ukurasa: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaja vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanza safari upya mwaka 1927. Hicho ndicho kitabu tulichokishona upya mara nyingi kuliko vyote, maana hakipumziki.

Mtoto akiona hadithi yake iko kwenye rafu moja na vitabu vya dukani, na mwenzake anakigombania, hutahitaji tena kumshawishi kuhusu kusoma.

Siku ya kusoma inavyokwenda

Weka ndoo, sabuni na taulo mlangoni. Kisha anza kwa kumsomea mtoto wewe mwenyewe. Dakika kumi na tano, kila siku ya kufungua, bila kukosa. Upendo wa kusoma huingia kwa sikio kwanza, kwa sauti ya mtu anayemjali huyo mtoto.

Usiku wa kabla, kisome kitabu peke yako ujue pa kupunguza sauti. Barazani, kaa chini pamoja nao, shika kitabu pembeni ya uso wako ili picha iwaelekee wao. Anza kwa "Paukwa!", wakuitikie "Pakawa!", maana kitabu ni ndugu wa hadithi ya bibi na wao lazima waujue undugu huo. Onyesha jalada, uliza wanadhani nini kitatokea, halafu soma polepole kuliko unavyodhani inatosha.

Simama mara tatu tu, si zaidi. Kitabu chetu cha kunguru kinaanza hivi: "Mama alianika dagaa. Kunguru alikuwa juu ya mchikichi." Hapo nasimama na kuuliza, kunguru anaona nini kutoka kule juu? Katikati nasimama tena pale mama anapogeuka, niwaulize wangekuwa wao wangefanyaje. Mara ya tatu ni kabla ya ukurasa wa mwisho. Maswali ya kupima kama vile "mama alianika nini?" yaache kwa mitihani. Mtoto anayejua kwamba mwisho wa kila hadithi kuna mtihani ataanza kuogopa hadithi.

Baada ya hapo vitabu vimwagwe mkekani, majalada yakitazama juu, na kila mtoto achague mwenyewe. Kimya hakihitajiki. Wakubwa wawasomee wadogo. Kijana wa darasa la sita anayesita kusoma mbele ya wenzake atamsomea mtoto wa awali bila aibu, na yeye ndiye atakayefaidika zaidi. Mtoto akikwama kwenye neno, hesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kumsaidia. Akikosea neno lakini maana imebaki palepale, mwache aendelee. Mtoto anayekatizwa kila mstari anajifunza kukutazama wewe badala ya kitabu.

Wakati fulani nilikuwa natoa pipi kwa kila kitabu kilichomalizwa. Nikaona watoto wanafunua kurasa haraka haraka, macho kwenye bakuli. Nikaacha, na wiki mbili za mwanzo wakapungua. Waliorudi walirudi kwa ajili ya vitabu. Usitoe zawadi kwa kusoma.

Mtoto anayeleta kitabu karibu na pua, au anayekariri kwa kumsikiliza jirani, huenda haoni vizuri. Ongea na mzazi faraghani, apelekwe kupimwa macho hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu nanyi. Nimekutana na watoto walioitwa wavivu ambao shida yao ilikuwa miwani.

Kuazima vitabu

Ukiishia barazani umefanya nusu. Kitabu lazima kilale nyumbani kwa mtoto, kwenye nyumba ambamo hakujawahi kulala kitabu cha hadithi.

Nunua kaunta buku, piga mistari: namba ya kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Wasiojua kuandika jina wachore alama yao, samaki au nyota. Kufikia mwezi wa tatu wengi wataanza kuandika jina kwa hiari. Kitabu kimoja kwa juma moja. Kila kitabu kipewe namba ndani ya jalada na doa la rangi kwenye mgongo: njano kwa wanaoanza, kijani kwa waliopiga hatua, bluu kwa wasomaji. Ukitaka utaratibu mkubwa zaidi, watumishi wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo maktaba yake kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, wana utaalamu huo, nenda uwaulize. Kwa vitabu 30 mpaka 100, doa la rangi linatosha.

Kitabu kisitoke mikono mitupu. Mafundi cherehani hutupa vipande vya vitenge kila siku. Waombe, shona vimfuko vyenye kamba ya kuvaa begani. Kimfuko kinakinga vumbi, mvua na mikono yenye mawese, na mtoto anatembea mtaani akionekana kuwa ni msomaji.

Kuhusu kupotea na kuchanika. Mama mmoja alikuja mbio asubuhi, mtandio umemlegea, akiwa ameshika kitabu kilichotafunwa na mbuzi.

"Mwalimu, shikamoo. Nitakulipa mwisho wa mwezi, nakuomba usimfukuze mwanangu."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza. Huyu mbuzi naye kapenda hadithi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baadhi ya watoto walikuwa wanasoma barazani lakini hawaazimi: nyumbani walikatazwa kwa hofu ya deni. Tangu siku hiyo sheria yetu ni moja na imeandikwa ukutani: anayepoteza au kuharibu kitabu analeta hadithi. Mtoto pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwao wanasimulia, tunaandika, tunashona, na kinawekwa kwenye rafu mahali pa kile kilichopotea. Hakuna faini. Yule mama alitupa hadithi ya mbuzi, na inasomwa mpaka leo.

Mvua, mchwa na mawese

Mvua za huku huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Msimu wangu wa kwanza maji yaliingia usiku kwa chini ya mlango, vitabu 14 vikavimba kama mikate. Nilivianika juani, nikaviharibu mara ya pili: kurasa zilijikunja na rangi zikapauka. Kitabu kilicholowa kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zimeachana kidogo, weka kitambaa kikavu au karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache na uibadilishe. Kikikaribia kukauka kifunge, kiweke chini ya jiwe bapa usiku kucha.

Sanduku la bati ni bora kuliko rafu kama nyumba inavuja. Lisiguse ukuta wala sakafu, maana mchwa hupanda kwa vyote viwili: liinue kwa miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu. Fungua kifuniko walau mara mbili kwa wiki hewa iingie.

Funika majalada kwa nailoni ngumu siku ya kwanza, kabla ya mtoto yeyote kukishika. Kurasa zilizochanika zibandike kwa kipande chembamba cha karatasi nyeupe na gundi ya muhogo kiasi. Selotepu inageuka njano, inakauka, na kuondoka na maandishi.

Na doa la mawese? Liache. Ni alama kwamba kitabu kilifika jikoni.

Kuwaleta baba na mama

Akina mama watakuja wenyewe kumfuata mtoto. Waombe wakae hadithi moja. Asiyejua kusoma mwambie anaweza kumshikia mtoto kitabu na kumuuliza "hapa pana nini?", mtoto atamsimulia picha, na hiyo ni kazi halisi ya kumlea msomaji.

Akina baba wa ziwani unawapata kwa kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo za kuwaalika. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, baraza letu lilikuwa na wanaume kuliko wakati wowote. Maisha yalikuwa magumu majumbani, sitasema vinginevyo. Lakini watoto walisikia sauti za baba zao zikisoma, baadhi kwa mara ya kwanza, na wapo waliokuwa wanasoma kwa kidole sambamba na watoto wao.

Idhini na usalama

Kabla ya kufungua, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha umwone Afisa Elimu Kata. Eleza siku, saa na idadi. Ukitaka kupokea misaada kwa jina la kikundi, sajili kikundi halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Wawepo watu wazima wawili kila siku ya kufungua, shughuli zote ziwe barazani na si chumbani, na kila mtoto awe na jina la mzazi kwenye daftari. Asipigwe mtoto, kwa sababu yoyote. Usipige picha za watoto na kuzituma bila ruhusa ya wazazi.

Sanduku la safari

Baada ya mwaka mmoja watoto wako watakuwa wamevimaliza vitabu. Usikimbilie kununua vingine. Tafuta mwenye baraza kama lako na mbadilishane. Sisi tulianza na kijiji kimoja cha kaskazini mwa ziwa, kinachofikiwa kwa boti kutoka Kibirizi. Vitabu 25 kwa vitabu 25, kila baada ya miezi mitatu, nusu yake vya kushona ili watoto wa huko wasome habari za huku.

Namna ya kufunga kwa ajili ya boti: vitabu vitano vitano kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba, mifuko yote ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, siyo boksi. Mkabidhi nahodha mkononi, mpe namba ya simu ya mpokeaji, na umwombe isikae chini karibu na maji ya tumbo la boti. Orodha ya vitabu ibandike ndani ya kifuniko, na nakala yake ibaki kwenye kaunta buku lako. Acha mistari mitupu chini ya orodha hiyo: watoto wa upande wa pili watataka kuandika ni kipi walichokipenda, na wako watakimbilia kifuniko kabla ya vitabu.